Kura za Maharagwe Karatina

Mteja akisimama mbele ya meza yangu huangalia vitu viwili. Kwanza ni rangi ya maharagwe. Akishachagua, macho yake huhamia mkononi mwangu ninapojaza gorogoro, maana mkebe ule ule waweza kujaa ukawa na kilima juu, na waweza kusawazishwa kwa kiganja ukawa bapa. Nimeuza nafaka katika soko la Karatina tangu 1988. Kila uchaguzi wa rais ukikaribia watu huniuliza habari za rangi: nani anapendwa huku kwenu? Habari za mkono hawaulizi.

Soko lenyewe limezoea maswali. Siku zake ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku hizo barabara ya kutoka Sagana kwenda Nyeri hujaa malori ya kabeji, viazi, karoti na vitunguu. Wauzaji hutoka hapa Mathira, Kirinyaga na hata Laikipia. Wanunuzi wengi hutoka Nairobi. Reli ya kwenda Nanyuki inapita papa hapa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya mkoloni ilijenga Karatina kiwanda cha kukausha mboga za kulisha wanajeshi. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, wakulima wakabaki na mboga zao wakitafuta mnunuzi mwingine. Tangu hapo tumekuwa watu wa kutafuta mnunuzi. Ndiyo maana mwanasiasa anayeutaka Mlima Kenya hawezi kuipita Karatina bila kupanda juu ya paa la gari, na mwanahabari anayetaka kujua Mlima unawaza nini huja kumwekea mama wa kabeji kinasa sauti mdomoni.

Lakini desturi ya kukaa sokoni na kubashiri rais ajaye si ya kale. Wazee wetu walikuwa na waaguzi wao. Anayekumbukwa zaidi ni Mugo wa Kibiru, ambaye masimulizi yanasema aliona wageni na nyoka wa chuma kabla ya Waingereza na reli yao kufika. Jina lake linatajwa pia pamoja na mugumo wa Thika, mti ambao kuanguka kwake kungekuwa ishara kwamba utawala wa mgeni umekwisha. Ulianguka 1963. Hadi leo mugumo ukianguka mahali, wazee huitana, na watu huanza kunong'ona majina ya wakubwa.

Kunong'ona huko kulikuwa na sababu. Oktoba 1976, wanasiasa kadhaa walipokuwa wakitaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais asirithi kiti moja kwa moja, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwakumbusha Wakenya kwamba kuwaza kifo cha rais ni kosa, na adhabu yake ni kunyongwa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mama aliuza maharagwe mahali hapa hapa ninapouza mimi, na akisimulia miaka ile alisema watu walipima maneno kuliko walivyopima nafaka. Ungeweza kubashiri mvua na bei ya njahi. Rais ajaye hakubashiriwa.

Kura yangu ya kwanza niliipiga kwa miguu. Ilikuwa Februari 1988, uteuzi wa wagombea ubunge wa KANU, chama pekee kilichokuwapo kisheria. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, huo ndio ukawa mlolongo. Kanuni ilisema anayepata zaidi ya asilimia 70 amepita, hakuna haja ya uchaguzi wa siri. Rais mwenyewe hakuwa na mpinzani, kwa hiyo kwake hata mlolongo haukuhitajika.

Kituo chetu kilikuwa uwanja wa shule. Mlolongo niliosimama mimi na mama ulitoka katikati ya uwanja, ukapita lango, ukakunja kona na kufuata ua wa kayaba hadi barabarani. Mlolongo wa pili uliishia kwenye mlingoti wa bendera. Mtoto wa darasa la kwanza angekwambia upi ni mrefu. Karani alipita akihesabu kwa kidole, akaandika kitu kwenye karatasi, akaondoka. Jioni tukasikia kwamba mlolongo wa mlingoti ndio ulioshinda. Wagombea na karani sitawataja. Wengine wamekwisha kufa, na jambo lenyewe lilitokea sehemu nyingi za Kenya mwaka ule.

Nilitaka kulia kwa hasira. Mama alichukua gorogoro tupu mezani, akaigeuza juu chini, akaniambia, "Hii haina kosa. Kosa liko mkononi." Kisha akaniambia nifagie.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa katika katiba, vyama vingi vikarudi, na Mwai Kibaki, mtu wa Othaya hapa hapa Nyeri, akatoka serikalini akaunda Democratic Party. Ghafla kubashiri rais kukawa halali, na soko zima likawa na homa yake. Ndipo mama alipoanzisha mchezo wetu. Aliweka mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ukingoni mwa meza, na kila mteja aliyenunua aliruhusiwa kutia punje moja. Nyayo ilikuwa ya Rais Daniel arap Moi, maana jina la maharagwe hayo lilikuwa wito wake mwenyewe. Mwitemania ilikuwa ya Kibaki. Wairimu, yale mekundu, yalikuwa ya Kenneth Matiba. Njahi, kwa weusi wake na ule mstari mweupe, tukampa Jaramogi Oginga Odinga, mzee wa heshima.

Wiki nzima ya Krismasi watu walicheka wakitia punje. Tulipomwaga mkebe juu ya gunia, mwitemania ilikuwa rundo. Wairimu ilifika konzi mbili, za watu waliokuja kutoka upande wa Murang'a. Njahi zilikuwa chache. Nyayo zilikuwa mbili, na mama alisema moja ilianguka kwa bahati mbaya.

Tulipiga kura tarehe 29 Desemba 1992, siku ya Jumanne, siku ya soko. Meza zilibaki tupu tangu alfajiri. Moi akashinda. Alipata kura 1,962,866, kama asilimia 36. Matiba alikuwa na asilimia 26, Kibaki karibu 20, Odinga 17. Watu wa Karatina walisema wameibiwa, na malalamiko juu ya uchaguzi ule yalikuwa mengi na yalikuwa na msingi. Lakini mama alikuwa mtu wa hesabu. Alichukua wairimu, mwitemania na njahi, akazichanganya katika sahani moja, akaziweka kando ya nyayo. Sahani ilishinda kwa mbali. Kisha akazitenganisha tena mafungu matatu, na kila fungu likawa dogo kuliko nyayo.

Hapo nilijifunza jambo ambalo wataalamu wa siasa huliandika kwa maneno marefu. Sheria ya wakati ule haikudai nusu ya kura. Ilidai uwe wa kwanza, na upate robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kwa sheria ya namna hiyo, aliyetaka kubashiri rais wa Kenya mwaka 1992 alipaswa kuhesabu wapinzani, si wapenzi. Mwaka 1997 wagombea walikuwa 15, na hesabu ikajirudia: Moi asilimia 40, Kibaki 31, na Raila Odinga, Michael Wamalwa na Charity Ngilu wakagawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Mkebe wetu ulijaa mwitemania tena. Ulikuwa mkebe mwaminifu, na ulikosea mara mbili mfululizo.

Kosa lake nalielewa vizuri zaidi nikifikiria bambo, kile chuma chenye mfereji tunachokichoma ubavuni mwa gunia ili kutoa konzi ya nafaka bila kulifungua. Gunia likiwa limechanganywa sawasawa, choma mara moja tu, popote, na utajua kilichomo. Lakini lipo gunia ambalo mkulima mjanja amelijaza kwa tabaka, mapya juu, yaliyodungwa na fukusi chini. Hilo ukilichoma juu peke yake, umejidanganya mwenyewe. Kenya ni gunia la tabaka. Kuuliza Karatina kuhusu rais wa Kenya ni kuchoma tabaka moja mara elfu na kushangaa kila mara rangi ni ile ile. Wamarekani nao walijichoma hivyo mwaka 1936: gazeti moja kubwa, Literary Digest, lilikusanya kadi zaidi ya milioni 2 za wasomaji na watu wenye simu na magari, likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda. Franklin Roosevelt akamgaragaza. Wingi wa punje haukusaidia, maana zilitoka tabaka moja.

Mwaka 2002 ndio mwaka ambao mkebe wetu ulipatia. Moi hakuweza kugombea tena. KANU ikampa tiketi Uhuru Kenyatta, wakubwa wake waliokuwa wakiitaka wakahama, na tarehe 14 Oktoba pale Uhuru Park Raila akatamka "Kibaki Tosha". Mama, ambaye macho yalikuwa yameanza kumpotea, alichukua mwitemania, njahi na wairimu akazitia gorogoro moja bila kuambiwa. "Sasa hivi," akasema, "hata mimi nitabashiri." Kibaki alipata asilimia 62. Aliapishwa tarehe 30 Desemba akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari, na Karatina tukaimba hadi sauti zikakauka. Mama alifariki mwaka uliofuata. Nilirithi meza, gorogoro na mkebe, na kiburi kidogo cha kudhani tumekuwa wajuzi.

Kiburi hicho kingetoka mapema kama ningesoma ishara. Novemba 2005 tulipiga kura ya maoni juu ya katiba mpya. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa lilikuwa la. Katika soko letu mambo yakawa kichekesho. Jirani yangu muuza matunda alilazimika kuyaficha machungwa chini ya gunia, maana wateja walikuwa wakimuuliza kama amehama chama. Huku ndizi ilishinda kwa kishindo. Kitaifa chungwa lilipata asilimia 58. Mtu yeyote aliyekuwa na kalamu angeona kwamba ule muungano wa 2002, gorogoro moja ya mama, ulikuwa umemwagika. Kura hiyo ilikuwa ubashiri bora kuliko nyingi zilizofuata, kwa sababu watu walitoka nyumbani na kuipiga kweli.

Desemba 2007 kampuni za kura za maoni zilikuwa zimekwisha kuzoeleka. Redio za Kikuyu zilisoma takwimu zao asubuhi, watu wakabishana juu yake katika matatu hadi Nairobi. Nyingi zilisema Raila yuko mbele kidogo. Sisi tulisema wamenunuliwa. Kwingine, watu waliziamini kama neno la Mungu. Kila upande ulikwenda kupiga kura ukiwa umekwisha kushinda. Nami niliweka mkebe mezani, na ukajaa mwitemania.

Matokeo yalitangazwa tarehe 30: Kibaki 4,584,721, Raila 4,352,993. Kibaki aliapishwa Ikulu jioni ile ile, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Januari malori yale ya viazi yalileta watu waliotimuliwa Bonde la Ufa, wengine jamaa zetu, wamekaa juu ya magodoro yaliyoungua pembeni. Mwanamke mmoja alikuja mezani kwangu kuomba maharagwe ya kupikia watoto. Nilipokuwa nikimjazia aliuona mkebe, akaniuliza ni wa nini. Sikuwa na jibu la kumpa mtu kama yule. Tume ya Jaji Kriegler ilisema baadaye kwamba uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Mkono tena. Lakini safari hii niliona pia kwamba ubashiri nao una dhambi yake: ukimwambia mtu kwamba ushindi ni wake tayari, kila jibu jingine litakuwa wizi machoni pake. Mkebe niliuondoa mezani. Siku hizi unatunza misumari.

Tangu hapo niliacha kuuliza nani. Nikaanza kutazama wangapi.

Mwaka 2013 hilo ndilo lililokuwa swali la nchi nzima. Katiba ya 2010 ilikuwa imebadilisha mizani: sasa mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na robo katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Usajili wa wapiga kura ulifungwa tarehe 18 Desemba 2012, na kwa wiki kadhaa kabla ya hapo hapakuwa na kanisa, mazishi wala steji ya matatu ambapo hukuulizwa kama una kadi. Mchambuzi Mutahi Ngunyi alitokea kwenye runinga akasema uchaguzi umekwisha siku ile daftari lilipofungwa. Alitazama ngome za Uhuru Kenyatta na William Ruto, akahesabu kadi, akaliita jambo hilo ubabe wa idadi. Wengi walimcheka, wengine walimchukia, maana ilikuwa ni kusema kwamba Mkenya hupiga kura kwa jina la ukoo wake.

Tarehe 4 Machi nilitoka nyumbani saa kumi usiku nikadhani nimewahi. Nilikuta tochi zimepangana hadi ng'ambo ya mto. Vijana walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakigonga madirisha, wakiwabeba wazee kwa bodaboda. Katika Nyeri walijitokeza zaidi ya watu 9 kati ya kila 10 waliosajiliwa. Uhuru alipata kura 6,173,433, asilimia 50.07. Itazame hiyo sehemu ndogo ya mwisho. Aliruka nusu kwa kura zisizofika elfu kumi kati ya zaidi ya milioni 12. Bodaboda za Mathira peke yake zingeamua kulala siku ile, tungerudi kituoni kwa duru ya pili.

Ubabe wa idadi, basi, haukuwa uongo, ila jina lake lilificha kazi iliyofanyika. Kadi haiendi kituoni yenyewe. Oktoba 2017 ilionyesha upande wa pili. Uchaguzi wa Agosti 8 Mahakama ya Juu iliufuta tarehe 1 Septemba kwa majaji wanne dhidi ya wawili, jambo ambalo hakuna aliyelibashiri, sokoni wala kwenye kampuni za utafiti. Raila akajitoa kwenye marudio. Uhuru akapata asilimia 98, lakini waliokuja hawakufika wawili kati ya watano. Rangi moja, gorogoro haijafika hata nusu.

Sasa 2022. Ukiniuliza ni uchaguzi upi uliowaumbua wabashiri wote, ni huo. Vigezo vyote tulivyovizoea vilivurugika kwa pamoja. Mlima haukuwa na mgombea wake mwenye nguvu, kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi. Rais aliyekuwa akitoka, mtoto wetu, alimuunga mkono Raila, mpinzani wake wa miaka mingi. Naibu wake, Ruto, akagombea dhidi ya serikali aliyokuwa ndani yake. Raila alimteua Martha Karua wa Kirinyaga. Ruto alimteua Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira, yaani wetu sisi, tunayemjua kwa kuona. Toroli likawa nembo ya UDA, chama cha Ruto, mama mboga akawa jina la kampeni. Nilijikuta nikitajwa kila siku kwenye redio na watu wasiojua bei ya gorogoro. Na bei ilikuwa mbaya. Pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 200, hadi Julai, wiki tatu kabla ya kura, serikali ilipoishusha hadi 100. Unga huo wa bei nafuu ulikuwa adimu madukani, na wateja wangu walisema mtu hasahau njaa ya mwaka kwa ugali wa wiki tatu.

Siku moja simu ililia nikiwa napima. Sauti ya msichana mpole, aliyetaka kujua kama uchaguzi ungefanyika leo ningemchagua nani. Mbele yangu alisimama mteja mwenye fulana ya njano ya UDA, mkoba mkononi, akinisikiliza. Nyuma yangu alikaa mama wa viazi ambaye mwanawe alikuwa wakala wa Azimio, muungano wa Raila. Nilimwambia yule msichana sijaamua. Nilikuwa nimeamua tangu Machi. Niliporudisha simu mfukoni nilijiuliza ni Wakenya wangapi waliojibu maswali yao wakiwa na mtu mbele na mtu nyuma. Kura nyingi za maoni za mwisho, zilizotolewa kabla ya zile siku tano ambazo sheria inazuia kuzitangaza, zilimtanguliza Raila.

Tarehe 9 Agosti ilikuwa Jumanne. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kwa hiyo siku ya kura imekuwa siku yetu ya soko, na hilo limenipa kipimo ambacho kampuni hazina. Nilipiga kura saa moja asubuhi. Foleni ilikuwa fupi. Saa tano nilipita sokoni kutazama. Mwaka 2013 mji mzima ulikuwa kama umehamishwa. Safari hii meza zilikuwa zikifunguliwa moja moja, kabeji zinapangwa, na kwenye steji ya bodaboda vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki wakicheza na simu, vidole vyao havina wino. Nilimuuliza mmoja kama ameshakwenda. "Cucu," akasema, "nikienda au nisiende, unga ni ule ule."

Nyeri ilimpa Ruto zaidi ya robo tatu ya kura. Neno la mkubwa, ambalo kila mchambuzi aliliandika kama kigezo cha kwanza cha siasa za Mlima, halikusikika. Lakini waliojitokeza hapa hawakufika robo tatu ya waliosajiliwa, na taifa zima lilikuwa kwenye asilimia 65. Ruto alishinda kwa 7,176,141 dhidi ya 6,942,930, akaruka nusu kwa chini ya asilimia moja.

Jambo moja la wiki ile sitalisahau. Tume ya uchaguzi iliweka mtandaoni picha za fomu 34A, ile karatasi ya matokeo ya kila kituo, zaidi ya 46,000. Binti yangu wa mwisho alifungua ya kituo chetu kwenye simu, mezani hapa, juu ya gunia la mwitemania. Ni shule ile ile ya ule mlolongo wa 1988. Nilisoma namba, nikaona sahihi za mawakala, nikalinganisha na karatasi niliyoiona imebandikwa mlangoni usiku ule. Zilikuwa sawa. Mawakala wamegombana, makamishna wanne kati ya saba wamejitenga na matokeo ya taifa, kesi imekwenda Mahakama ya Juu na kuamuliwa Septemba 5. Yote hayo yalikuwapo. Lakini kwa kituo kile kimoja niliweza kuona mkono ukijaza gorogoro. Miaka 34 nilikuwa nikiusubiri huo mkono.

Binti huyo huyo, anayesoma chuo kikuu hapa Karatina, ndiye aliyeniletea habari za profesa wa Marekani, Allan Lichtman, ambaye mwaka 1981 alishirikiana na Mrusi mtaalamu wa mitetemeko ya ardhi, Vladimir Keilis-Borok, wakatengeneza funguo 13 za kubashiri rais. Zinatazama zaidi chama kilichoko madarakani: je, rais mwenyewe anagombea, chama kimegombana ndani, uchumi ukoje, kuna kashfa, kuna vurugu. Funguo sita zikigoma, chama hicho kinaondoka. Nilizipenda. Nilizijaribu kwa KANU ya 2002 zikafunguka vizuri: rais haruhusiwi, chama kimepasuka, uchumi umelala. Tukajaribu 2022 tukakwama kwenye ufunguo wa kwanza. Chama kilichoko madarakani ni kipi? Rais yuko na mpinzani, naibu wa rais ni mpinzani, wabunge wa chama kimoja wako pande mbili. Hakuna kitasa. Na profesa mwenyewe mwaka 2024 alimbashiri Kamala Harris, akashinda Donald Trump, kwa hiyo hata huko vitasa hubadilishwa.

Mwaka huo huo, Oktoba, Seneti ilimwondoa Gachagua kwenye unaibu wa rais, na Profesa Kithure Kindiki, mtu wa Tharaka Nithi, upande wa pili wa Mlima, akachukua nafasi yake. Jumanne iliyofuata sokoni rangi ilikuwa imebadilika kabla ya chai ya saa nne. Sijawahi kuona soko likihama haraka namna ile. Sasa waandishi wamerudi na vinasa sauti vyao, wananiuliza juu ya Agosti 10, 2027. Hiyo nayo ni Jumanne. Nawaambia huku anachukiwa fulani na anapendwa fulani, wanaandika, wanaondoka. Nimewapa rangi.

Juzi niliamua kufanya utafiti wangu pale ninapoweza kuhesabu bila kukosea, nyumbani kwangu. Tuko watu wazima wanne. Mimi na mume wangu kadi tunazo. Mwanangu anayefanya kazi Nairobi kadi yake ni ya hapa, na atakuja ikiwa nauli itamruhusu na tajiri wake atamwachilia. Binti, aliyenisomea fomu 34A na kunieleza funguo 13, yule anayejua siasa kutushinda wote, hajajisajili. Nilimuuliza Jumamosi ya soko tukichagua mawe kwenye njahi. Akasema ataenda wiki ijayo. Nilimuuliza tena Jumamosi iliyofuata, na hii iliyopita pia. Ofisi ya tume iko mwendo wa dakika chache kutoka mezani petu, na jibu bado ni wiki ijayo.